Gongo la Yago

Nimewahi kuhama nyumba kwa sababu ya mti. Ilikuwa Nanyuki, chumba kizuri chenye dirisha linalotazama mlima, na mama mwenye nyumba alikuwa mcheshi. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nikaona matunda ya kijivu yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba, kila moja nene kama mkono wa mtu mzima. Nikalifunga dirisha na kuanza kufunga mizigo.

"Umeona nyoka?" mama mwenye nyumba aliniuliza.

"Nimeona mti."

"Na mti umekufanya nini?"

Nilimlipa ya siku moja, nikabeba mizigo yangu. Mti huo kwa Kiswahili ni mwegea. Kwetu, upande wa ziwa, tunda lake tunaliita yago, na likikaushwa juu ya moshi hutoa harufu ya ngozi iliyonyeshewa na tumbaku iliyosahauliwa mfukoni. Nimeishi Nakuru, Moshi, Lodwar, Voi, na mahali pengine ambapo sikukaa hata nikajua jina la jirani, na kila nilikokwenda niliangalia kwanza miti. Kisha mwaka huu, kwa mtu wa kwetu niliyekutana naye kituo cha basi, nikapata habari kwamba Baba Akoth amefariki, safari hii kweli. Nasema safari hii kwa sababu ile ya kwanza nilikuwepo, na nadhani ni mimi niliyeiharibu.

Uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi tu, na bendera ya shule ilikuwa bado haijapauka, wakati Mwalimu Phoebe aliposhuka kwenye lori la samaki pale Sori, kijiji chetu cha ufukweni. Alikuwa Mmaragoli, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na chuoni kwao alikuwa amejifunza mchezo wa softiboli. Alileta mpira mmoja wa ngozi nyeupe, mgumu, mkubwa kuliko chungwa. Gongo la kupigia lilikuwa limevunjika njiani. Gunia la chumvi lililiangukia. Alituonyesha vipande viwili kama mtu anayeonyesha mguu wa kuku wake uliovunjika.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Mmoja anarusha, mwingine anapiga, kisha aliyepiga anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla mpira haujarudi. Tulikuwa wasichana tisa, na hatukuwa wa umri mmoja. Sisi wa darasa la tano tulikuwa wanne, watatu walikuwa wasichana waliokwisha kuacha shule, na wawili walikuwa wameolewa. Mmoja wa hao wawili alicheza na mtoto mgongoni. Zamu yake ya kupiga ikifika alimkabidhi mtoto kwa yeyote aliyekuwa karibu, hata kama ni mchezaji wa upande wa pili. Akoth, rafiki yangu, ndiye aliyekuwa mrushaji wetu. Mimi nilisimama kituo cha tatu, karibu na ua la miiba. Tulicheza Jumamosi alasiri, baada ya kuanika dagaa na kabla ya kuwaanua, na jasho letu lilinuka samaki mpaka Mwalimu akazoea.

Baba Akoth ndiye aliyetupatia gongo. Alikuwa mvuvi, mtu mrefu asiyesema sana, na alikuwa akitutazama akiwa ameegemea baiskeli yake. Siku moja aliingia jikoni kwa mkewe, akalishusha tunda dogo jembamba la yago ambalo mke wake alikuwa amelitundika juu ya moshi kwa ajili ya dawa. Lilikuwa limekauka mpaka likawa jepesi na gumu kama mfupa. Alilikata kikonyo, akalizungushia mahali pa kushika uzi wa wavu uliopakwa lami ili mkono usiteleze, na mwishoni akafunga fundo lake mwenyewe, lile aliloweka kwenye nyavu zake zote. Lilijirudia mara tatu na kuacha kitanzi kidogo cha kuingiza kidole.

"Ukipiga usiliachie likaruka," alimwambia Akoth. "Tia kidole hapo."

Jaduong' Oloo, mzee wa ukoo wao, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni. Hakukosa mchezo wetu hata mmoja, na hakuna mchezo aliowahi kuusifu. Alilichukua lile gongo, akaligeuza, akagusa lile fundo kwa kidole gumba.

"Hili si la kuchezea."

"Jaduong', ni tunda tu," Baba Akoth alisema.

"Ni tunda mpaka siku litakapohitajika."

Sikuelewa. Nilifikiri anazungumzia dawa.

Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa na wasichana wa Magunga, pale pale Sori. Walikuja wakiimba, mrushaji wao akiwa na mabega kama ya mvuta makasia. Alipoliona gongo letu akacheka.

"Dada, hiyo mtapikia mboga au mtapigia mpira?"

"Simama hapo uone," Akoth akamjibu, na mara ya kwanza gongo lilipokutana na mpira lilitoa sauti ambayo sijaisikia kwa kitu kingine chochote. Ilikuwa sauti nzito, ya ndani, kama mtu aliyepigwa kifuani akiwa amefunga mdomo. Kisha yule mwenye mtoto, aliyekuwa ameupiga, akaanza kukimbia, tukapiga kelele, tukashinda. Jioni Baba Akoth alituletea samaki wa ngege wa kuchoma, kila mmoja wake mzima, hata mtoto wa mgongoni.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kwao Magunga kwenye lori la Mzee Abdalla, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akipeleka bidhaa huko. Uwanja wao ulikuwa ukingoni mwa pori, na wakati wote wa mchezo tulipigapiga miguu kwa sababu ya mbung'o. Mpira ukiruka mbali uliingia vichakani, na aliyeufuata alikwenda akiimba kwa sauti ili wanyama wamsikie. Nikiwa kituo cha tatu niliwaona korongo wawili, wale paa wakubwa wenye nyuso nyeusi na nyeupe kama waliovaa vinyago. Walisimama bila kutikisa hata sikio, wakimtazama Akoth akirusha. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi. Baba Akoth alikuwa ameahidi kuwa mtumbwi wake ukirudi mapema angepanda baiskeli atufuate.

"Atakuja," Akoth aliniambia tulipobadilishana upande. "Akikosa kuja ataniletea samaki mkubwa wa kuniomba radhi."

Tulishindwa siku hiyo. Tuliporudi Sori wanawake walikuwa wamesimama ufukweni, wengi, wote wakitazama upande mmoja.

Mtumbwi ulipatikana baada ya siku mbili upande wa Karungu, umejipindua. Yeye hakupatikana. Vijana walizunguka na nyavu, wakauliza visiwani, wakarudi. Wiki zikapita. Mama Akoth alipika chakula cha mumewe kila siku na kukifunika, kisha asubuhi akawapa kuku. Mdogo wake Baba Akoth akaanza kuja kukaa kwenye kiti cha kaka yake, mwanzoni dakika chache, baadaye alasiri nzima. Ndipo Jaduong' Oloo akasema imetosha.

Nilimuuliza nyanya yangu, niliyemwita Dani, watazika nini ikiwa mtu hayupo.

"Watazika yago," alisema akipepeta mtama. "Aliyemezwa na ziwa, mwili usipopatikana, yago huwekwa badala yake. Huliliwa kama mtu na kuzikwa kama mtu."

"Na likishazikwa?"

"Basi amekwenda. Hana haja tena ya kuzungukazunguka."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa limenyooka sana kichwani mwangu. Dani alisema likishazikwa amekwenda. Kwa hiyo kabla ya kuzikwa hajakwenda. Kwa hiyo Baba Akoth alikuwa mahali fulani, mzima, akizunguka, na wazee walikuwa wanataka kumuua Alhamisi saa kumi. Nilianza kuitazama ile miegea iliyokuwa njia ya mto kwa jicho jingine. Kila tunda lilikuwa la mtu. Lilikuwa linamngojea mwenyewe. Nilijaribu kukisia langu ni lipi, kisha nikaanza kwenda shule kwa njia ndefu ya kupitia sokoni.

Akoth hakulia. Alikuja mazoezini kama kawaida, akarusha mpira mpaka bega likavimba. "Wakimzika hatarudi," aliniambia. "Wakingoja kidogo atarudi. Kwa nini hawawezi kungoja kidogo?"

Siku ya maziko waliangua yago bichi, kubwa, wakaliosha, wakalifunga katika shuka jeupe na kulilaza kwenye mkeka ndani ya nyumba ya Mama Akoth. Watu waliingia kulilia. Nilimwona mdogo wake Baba Akoth akiligusa upande wa juu, mahali ambapo kichwa kingekuwa, na kuliita "Kaka." Mama Akoth alikuwa amenyolewa kama mjane. Kisha vumbi likaonekana barabarani. Vijana wa ukoo walikuwa wanarudi na ng'ombe, mikuki na matawi, kama ilivyo desturi ya kufukuza kifo nje ya boma, na wanawake wote wakatoka kuwapokea. Nyumba ikabaki tupu. Nilibaki mimi na lile shuka.

Gongo letu lilikuwa nyuma ya mlango, Akoth alizoea kuliweka hapo. Nakumbuka mikono yangu ilivyofanya kazi bila kuniuliza. Nililifungua shuka, nikalitoa lile yago kubwa, likiwa la baridi na lenye unyevu. Nililaza gongo mahali pake. Lilikuwa jepesi mno, wangejua, kwa hiyo nikachukua mawe mawili ya kuzamishia wavu yaliyokuwa kando ya mlango na kuyaweka ubavuni mwake. Nikafunga tena. Lile tunda nililibeba kifuani kama mtoto, nikatokea mlango wa nyuma, nikapita penye migomba hadi ufukweni, nikalificha mahali ambapo mafunjo yanaanza, kwenye udongo mweusi. Nilipolilaza lilionekana limetulia. Nilijikuta nimelifunika miguu kwa nyasi, ingawa tunda halina miguu.

Walizika gongo. Nilisimama na timu, wote tisa na Mwalimu Phoebe, na mchanga ulipoanguka juu ya shuka nilisikia ile sauti ya kifuani, mara moja. Akoth aligeuka akanitazama. Sijui kama naye alisikia.

Alirudi karibu miezi mitatu baadaye, alasiri, tukiwa mazoezini. Alitokea upande wa ufukwe, kule kwenye mafunjo, akiwa na ndevu na shati la rangi ya udongo ambalo hakuna aliyelijua. Dhoruba ilikuwa imemsukuma akishikilia ubao mpaka pwani ya Tanganyika. Aliugua huko, akalala kwa watu karibu na Musoma, akapona, akafanya kazi mpaka akapata nauli. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile tuliona tu mtu tuliyemzika akitembea polepole kuelekea kituo cha pili.

Mpira ulikuwa hewani. Hakuna aliyeudaka. Wasichana walikimbia, yule mwenye mtoto akamsahau mtoto nyasini, akarudi kumchukua bila kuinua uso. Tulibaki watatu: Mwalimu Phoebe, ambaye hakumjua vizuri na akamsalimia, Akoth, ambaye hakutoka mahali pake pa kurushia, na mimi. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nikimngoja. Lakini alipopita karibu nami nilihisi mikono yake ikitoa baridi ya mtu aliyetoka majini, ingawa shati lilikuwa limekauka kabisa.

"Mbona mnanikimbia?" alisema. "Nani anarusha leo?"

"Ni mimi, Baba," Akoth akasema.

Boma lao lilikuwa mita mia tatu kutoka hapo. Jaduong' Oloo alikuwa ameshafika langoni kabla yake, na akalaza fimbo yake kulizuia.

"Usipite hapo."

"Jaduong', ni mimi."

"Naona ni wewe. Ndiyo sababu usipite. Tumekuzika. Mkeo amenyolewa. Ukipita lango hili, aliyezikwa humu ni nani?"

Baba Akoth alitazama juu ya fimbo, akaliona kaburi lake upande wa kulia wa nyumba, mahali pa mwenye boma. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kuhusu kitu kilichopotea sokoni, "Nimelala vizuri?"

Walimwacha akae kwenye kibanda cha kukaushia samaki, nje ya ua. Wazee hawakuafikiana. Wengine walisema auawe mbuzi aingie, wengine walisema hakuna mbuzi anayeweza kumtoa mtu chini. Mama Akoth alimpelekea chakula kupitia kwa mwanawe. Akoth alikiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo baba yake akaja kukichukua. Hakuna aliyemwita kwa jina. Mdogo wake aliendelea kukaa kwenye kile kiti, ingawa sasa alikigeuza ili asitazame nje.

Na kila Jumamosi Baba Akoth alikuja uwanjani. Hakukaribia. Alisimama mbali sana, nyuma ya wachezaji wa nyuma kabisa, na mpira ukiruka hadi kwake aliurusha kurudi. Tulikuwa na mpira mmoja tu. Mwanzoni wenzangu hawakuugusa mpaka Akoth aufute kwa nyasi, na baada ya muda Akoth akachoka kuufuta. Gongo letu jipya lilikuwa mpini wa jembe, halikuwa na sauti yoyote. Tulicheza kimya, na mtu wa kumi akiwa nyuma yetu, na nilijua ni mimi niliyemweka hapo. Nilimtoa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye mafunjo.

Wasichana wa Kehancha walipokuja, hatukuwaambia chochote. Walikuwa Wakuria, wenye nguvu, waliolelewa na ng'ombe, na kwa kuwa hatukuelewana kwa lugha za nyumbani tulitaniana kwa Kiswahili.

"Nyinyi watu wa samaki mnakimbia kama mna miiba kooni."

"Na nyinyi mnarusha kama mnakamua."

Nahodha wao alipiga mpira ukavuka kila mtu na kwenda kusimama miguuni pa Baba Akoth. Aliukimbilia mwenyewe, kwa kuwa wachezaji wetu hawakutaka kwenda kule. Tulimwona anafika, anachukua mpira mkononi mwake, kisha anafanya kile ambacho msichana yeyote mwenye adabu angekifanya. Aliinama kidogo, akampa mkono wake wa kulia, akaushika kwa wa kushoto chini ya kiwiko.

"Shikamoo, mzee. Asante kwa mpira."

Tangu arudi hakuna aliyekuwa amemgusa. Alikaa na mkono wa yule msichana kupita kiasi cha salamu, akasema, "Marahaba, mama. Marahaba." Nahodha wa Kehancha alirudi akijifuta kiganja kwenye sketi.

"Yule mzee wenu ana homa?" aliniuliza kituo cha tatu. "Mkono wake ni baridi."

"Ndivyo alivyo," nikamwambia.

"Lakini mbona mmemweka mbali hivyo? Mtu mzima anasimama juani peke yake."

Jaduong' Oloo alikuwa kwenye kigoda chake na alisikia. Kesho yake akatangaza kwamba kaburi litafunguliwa. Ikiwa yago limeoza, alisema, basi aliyezikwa amekwenda, na huyu wa kwenye kibanda arudi alikotoka. Ikiwa halijaoza, wataona.

Nilikimbilia mafunjo nikiwa na wazo la kuchukua lile tunda na kulirudisha, sijui kwa njia gani. Lilikuwa limepasuka. Ndani lilikuwa limelegea na kuwa jeusi, likichemka wadudu, na lilinuka utamu. Nilijaribu kuligusa nikashindwa. Kwa hiyo nilijua. Lile la kweli lilikuwa limeoza. Kama wangelizika lile, kesho Baba Akoth angefukuzwa.

Walichimba asubuhi. Timu yote ilikuja bila kuitwa, tukasimama nje ya ua karibu na Baba Akoth, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kumsogelea. Yule mwenye mtoto alisimama upande wake mmoja, Akoth upande mwingine. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye hivyo. Mimi nilijificha nyuma ya Mwalimu Phoebe nikiwa na haja ndogo ambayo haikutoka.

Shuka lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Walipolifungua mawe mawili yalianguka, na mmoja wa wachimbaji akaruka kutoka shimoni. Jaduong' Oloo alinyoosha mkono, akalitoa lile gongo. Kavu. Gumu. Limezungushiwa uzi wa lami, na mwishoni fundo. Mtu akataja uchawi, na mdogo wake Baba Akoth akamgeukia Mama Akoth, akamnyooshea kidole.

"Nyumba ilikuwa yake," alisema. "Nani mwingine angemfunga mtu namna hii?"

Nilijua sasa ni lazima niseme. Nilisogea kando ya Mwalimu, na Jaduong' Oloo akaniona. Alinitazama mimi, akalitazama gongo, akapitisha kidole gumba juu ya fundo kama alivyofanya siku ile ya kwanza. Kisha akaongea kabla yangu, kwa haraka ambayo haikuwa kawaida yake.

"Hili fundo ni la nani?"

"Ni langu," Baba Akoth alisema kutoka nje ya ua.

"Kama ni lako, lifungue."

Walilipitisha juu ya miiba. Uzi ulikuwa umeshikana kwa lami na udongo. Akalitia mdomoni, akalivuta kwa meno, na wakati huo macho yake yalikuwa juu yetu wasichana, mmoja baada ya mwingine, mpaka yakafika kwangu na kukaa. Fundo likaachia. Uzi ukaanguka miguuni pake kama nyoka aliyechoka.

"Amejifungua mwenyewe," Jaduong' Oloo alisema. "Halikuoza, na amejifungua. Leteni mbuzi. Lango asipite. Bomoeni ua hapo aliposimama."

Mdogo wake alianza kusema kitu. Mzee akamwambia, "Wewe kamletee kaka yako kiti chake." Baba Akoth akaingia kwa tundu la ua, akiwa amekanyaga miiba, na Akoth akiwa amemshika shati kwa nyuma.

Siku hizi nafikiri mzee alijua kila kitu, tangu aliposhika gongo. Alikuwa amelishika mara nyingi mno, asingekosa kulijua. Lakini sikuwahi kumuuliza, na alikufa na kimya chake.

Baba Akoth aliniuliza. Ilikuwa wiki kadhaa baadaye, nikiokota kuni ufukweni, naye anatengeneza wavu. Hakuinua kichwa.

"Langu liko wapi?"

"Kwenye mafunjo," nikasema. "Limeoza."

Alivuta uzi, akakata kwa meno. "Liache hapo. Usimwambie mtu. Sasa ni wewe peke yako unayejua nilipo."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilipomaliza sekondari Homa Bay nilipanda basi, na tangu hapo sijamaliza miaka mitatu mahali pamoja.

Nilifika Sori siku ya pili baada ya mazishi. Akoth sasa ni nyanya mwenye wajukuu, mnene, bega lake la kulia bado liko juu kidogo kuliko la kushoto. Alinikalisha, akanipa chai, akanipeleka kuona kaburi. Lilikuwa mahali palepale. Kisha, bila kuniambia tunakokwenda, alinipitisha penye migomba hadi ufukweni. Mahali ambapo mafunjo yalikuwa yakianza pana mwegea. Ni mti mkubwa, shina lake watu wawili hawalikumbatii, na matunda yananing'inia juu ya maji.

"Hakuna aliyeupanda," Akoth alisema. "Baba alikataa usikatwe. Alikuja kukaa chini yake kila Jumamosi. Tulimuuliza kwa nini, akasema anangoja mpira."

Nilimwambia yote hapo hapo, nikiwa nimesimama, kama nilivyoyaandika hapa. Alinisikiliza akichezea majani.

"Nilijua gongo halikuwepo nyuma ya mlango," alisema. "Niliangalia kabla hawajalitoa lile shuka. Ulidhani mimi ni mjinga?"

Turudi nyumbani, akasema, kuna kitu chako. Aliingia jikoni, nikamsikia akipanda juu ya kigoda. Alitoka na kitu kimefungwa kwa kitambaa, na harufu ilinifikia kabla yake, ngozi iliyonyeshewa na tumbaku ya zamani. Lilikuwa yago dogo, jembamba, limekaushwa kwenye moshi kwa muda mrefu.

"La mti ule," alisema. "Baba aliliandaa mwaka juzi. Barua zetu kwako zinarudi, hujulikani uko mji gani. Akasema, huyu anazunguka sana, na siku moja mtaambiwa hayupo na hamtakuwa na cha kuzika. Basi tumekuwa tukikuwekea."

Mahali pa kushika palikuwa pamezungushiwa uzi wa lami. Fundo lilijirudia mara tatu. Nilitia kidole kwenye kitanzi, na kilinitosha.